Harrier imechemsha Kitonga ikafia Makambako, fundi anataka milioni 4 na nusu: nilipe?

Swali: Shikamoo fundi. Mi naishi Mbagala, Dar. Tulikuwa tunaenda Tukuyu kwenye msiba wa mama mkwe, mimi, mke na watoto wawili, gari ni Harrier tako la nyani ya 2004, injini 2AZ, inavuta tairi za mbele tu. Kupanda Kitonga ikachemsha, nikaacha ipoe nikaongeza maji tukaendelea. Mbele ya Mafinga ikarudia, nikaongeza tena. Tunakaribia Makambako mshale wa joto ukashuka wenyewe nikajua imepona, mbele kidogo ikakosa nguvu ikazima, haijawaka tena. Fundi wa hapa kaiangalia kama dakika kumi anasema injini imekufa, anayo nyingine mtumba, jumla milioni 4 na laki 5, anataka milioni 2 leo aanze kazi. Familia imetangulia na basi, mi niko gesti siku ya tatu. Nilipe, niivute mpaka Dar kwa fundi wangu, au niuze ilivyo? Kuna dalali keshakuja mara mbili.

Jibu:

Marahaba kaka, na poleni sana na msiba. Umefanya la maana kuitanguliza familia, maana mtu mwenye watoto wanaolia njaa pembeni ya barabara anakubali bei yoyote anayotajiwa, na sisi mafundi tunalijua hilo vizuri sana, niseme ukweli tu.

Hiyo milioni 2 usilipe leo. Dar usivute. Na dalali mwambie arudi wiki ijayo. Sisemi huyo fundi ni mwizi, simjui, ila ninachokijua ni kwamba mpaka sasa hivi hakuna mtu Makambako nzima anayejua nini kimekufa ndani ya hiyo injini, pamoja na yeye. Dakika kumi bila kutoa hata plagi moja? Hapo kabahatisha tu, na wewe unaambiwa ulipie kubahatisha kwake milioni 4 na nusu.

Halafu jua kitu kimoja kuhusu kazi yetu. Kubadili injini nzima ni kazi rahisi kuliko kutengeneza hedi, ile sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda. Unashusha moja unapandisha nyingine, unaunganisha soketi, siku mbili umemaliza, na kwenye duka la injini kuna cha juu chako. Hedi inataka toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), inataka mtu wa kuiskimu, yaani kuinyoosha uso kwa mashine, inataka subira, na ikivuja tena jina linaloharibika ni lako. Kwa hiyo gereji nyingi za barabarani zikiona gari ya mgeni imechemsha jibu linakuja lenyewe, injini imekufa. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingi tu ni gasketi ya hedi, ule utando unaoziba kati ya hedi na bloku.

Sasa huo mshale ulioshuka, kaka, hapo ndipo penye kesi yote, na madereva wengi sana wanaingia hapo hapo. Kile kisensa kinachopima joto kimetengenezwa kikae ndani ya maji. Maji yakiisha kabisa kinabaki kwenye hewa na mvuke, kinasoma joto dogo, mshale unashuka. Wewe ukashukuru Mungu kumbe injini ndo ilikuwa inaungua kavu. Siku nyingine ikitokea, mshale uliokuwa juu ukishuka ghafla wakati bado uko mlimani na hujapunguza mwendo, zima gari hapo hapo, weka pembe tatu zako nyuma na mbele na matawi ya miti kama tunavyofanya huku, usiendelee hata mita mia. Kutoka Kitonga mpaka Makambako ni zaidi ya kilomita 200, na umezipita zote na injini inayokulilia. Sikugombezi, nakueleza tu ujue kwa nini ntakuambia upime vitu fulani hapo chini.

Na kwa nini Kitonga? Gari za Dar zinaishi kwenye tambarare, rejeta ikiziba robo au feni ikichoka huoni kitu, unaenda Kariakoo unarudi na AC yako. Siku ukiipandisha kutoka bonde la Ruaha kuja huku juu imebeba watu wanne na mabegi, gia ndogo, mwendo wa nyuma ya lori la mizigo, hewa haipiti mbele, hapo kila ugonjwa uliojificha unatoka. Ongezea na mwinuko wenyewe. Makambako iko mita zaidi ya 1,600 kutoka usawa wa bahari, maji ya sufuriani yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi, siyo 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni mfuniko wa rejeta kubana presha, mfuniko mzima unayafikisha nyuzi 115 na zaidi bila kuchemka. Ukishalegea raba yake basi unaendesha sufuria. Kile kimfuniko ambacho watu wanakikaza tu bila kukiangalia kimeua injini nyingi kuliko ajali, huo ni mtazamo wangu.

Kuna jambo la pili kuhusu gari yako hasa, na hili nalisema kwa sababu umetaja 2AZ. Zile 2AZ za miaka ya mwanzo, mpaka kama 2006 hivi, zina ugonjwa wake unaojulikana dunia nzima. Bloku ni ya aluminiamu, na bolti za hedi za upande wa nyuma, kule kwenye ukuta wa kabini, zinakula thredi za bloku. Bolti inaonekana imekaa kumbe haijashika kitu, hedi inanyanyuka kidogo kama punje, maji yanatoka polepole nyuma ambako huoni na yanakauka kwa joto la egzosi. Mwenye gari anaongeza maji kila wiki, anabadilishiwa rejeta, wota pampu, thamostati inatupwa (ni kile kivalvu kinachosimamia joto la maji, usikubali kutupiwa, injini inaendeshwa baridi inakula mafuta), na bado inapungua. Toyota wenyewe baadaye wakabadilisha thredi zikawa ndefu. Kwa hiyo jiulize, kabla ya safari ulikuwa unaongeza maji mara kwa mara? Kama ndiyo basi nina mashaka gari yako imeondoka Mbagala tayari ni mgonjwa.

Haya, cha kufanya kesho asubuhi. Mwambie fundi kwa heshima, mbele ya watu, kwamba unataka kulipia upimaji tu kwanza, mpatane bei ya kupima na kufungua hedi, na wewe utakaa hapo hapo unaangalia. Akikataa tafuta mwingine, Makambako ni njia panda ya Songea na Mbeya, malori yanalala hapo kila siku, mafundi hawakosi. Uliza madereva wa malori, usiulize watu wa gesti, madereva ndio wanajua fundi gani anaenda kuazima spana na yupi anazo zake.

Aanze kwa kuchomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa imebadilika kama chai ya maziwa, maji yameingia. Afungue mfuniko wa oili juu aangalie ute wa rangi hiyo hiyo. Kisha atoe plagi zote nne, aweke spana kwenye bolti ya puli ya krenki na aizungushe kwa mkono. Hapa shika pumzi kidogo maana ndo pa muhimu kuliko pote. Ikizunguka laini mzunguko mzima mara mbili, injini yako haijashika na neno "imekufa" lifutwe kwanza. Ikigoma kabisa, au inazunguka inakwaruza kama kuna mchanga, hapo pistoni zimekwaruza silinda au metali (beringi za krenki) zimeondoka, na mazungumzo ya injini nyingine yanaanza kuwa ya kweli.

Ikizunguka, apime kompresheni, yaani kila silinda inabana hewa kwa presha gani. Hicho kipimo ni kigeji kidogo kinachofungwa kwenye tundu la plagi, fundi ambaye hana aazime. Utapata namba nne, ziandike kwenye simu. 2AZ iliyochoka inatakiwa isishuke chini ya psi 140 hivi na silinda zisipishane zaidi ya psi 14 au 15. Ukiona mbili zilizo jirani ziko chini sana na mbili ziko vizuri, hiyo ni gasketi imepasuka katikati yao, furahi. Zote nne zikiwa chini sawasawa, aweke oili kijiko kimoja kwenye kila silinda apime tena. Zikipanda sana ni ringi zimeungua, zikibaki pale pale angalia juu, hedi au valvu.

Sasa kufungua hedi. Bolti ziko kumi, simama karibu zinapotolewa, hasa zile za nyuma. Bolti nzuri inatoka kwa nguvu mpaka mwisho. Bolti mbovu inalegea mapema, inatoka kirahisi, na kwenye meno yake imejiviringisha aluminiamu nyeupe kama kaspringi ka kalamu ya biki. Ukiiona hiyo piga picha. Hiyo haihitaji injini mpya, inahitaji helikoili au bushi ya chuma ya thredi kwenye yale matundu, na nakushauri afanye yote kumi siyo moja tu iliyotoka, maana nyingine zinasubiri zamu.

Hedi ikishatoka ipimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka na fila geji (vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi). Kiwango cha Toyota ni milimita 0.05, ni nyembamba kuliko unywele, kwa hiyo fundi akiiangalia kwa jicho akasema "iko poa hii" hajapima. Kwa jinsi ulivyoendesha naiona imepinda tu, nisikufiche. Lakini hedi kupinda siyo mwisho wa dunia, inaskimiwa. Na hapa ndo akili ya ugenini inapotakiwa. Hedi inasafiri, gari inabaki. Ni ya aluminiamu, ivuliwe kemshafti na vikorokoro, mtu mmoja anaibeba, unaifunga kwenye gunia na kadibodi uso usikwaruzwe unapanda nayo basi mpaka Mbeya, ni kama kilomita 160 na kitu, au unarudi nayo Iringa karibu umbali huo huo. Kwenye gereji za lezi (mashine za kukereza vyuma) waambie wapime na nyufa kwa presha kabla ya kuskimu, usilipe kuskimu hedi yenye ufa. Mteja wangu mmoja aliingia nayo gereji kaibeba mgongoni kwa kitenge cha mkewe kama mtoto, tukacheka sana, ila jioni yake alikuwa amerudi nayo Igawa imeshanyooka.

Gasketi, bolti mpya kumi na sili zake, piga simu maduka ya spea Gerezani, Dar, uwatumie namba ya chasisi ya gari, wanaweka kwenye parseli ya basi kesho yake unapokea stendi. Linganisha na bei ya SIDO Mwanjelwa, Mbeya. Hela ya spea lipa mwenyewe dukani kwa lipa namba, usimpe fundi akanunue, na dai risiti. Fundi mpe hela ya ufundi kwa vipande, kidogo akifungua, kidogo akirudishia, iliyobaki gari ikitembea. Wakati wa kukaza aanzie katikati kwenda pembeni kwa toki renchi kisha azungushe kila bolti nyuzi 90 zaidi, yaani robo mzunguko. Fundi anayekaza hedi ya aluminiamu kwa bomba na hisia za mkono mwambie asante, mpishe.

Kama oili ilichanganyika na maji, imwagwe, iwekwe oili ya bei ndogo na filta, iunguruzwe dakika chache, imwagwe tena, ndo iwekwe oili nzuri, inachukua kama lita 3.8. Wengi wanaruka hii hatua halafu mwezi ujao metali zinagonga wanamlaumu mchawi.

Na ikithibitika imekufa kweli? Basi badili, lakini siyo ile aliyokuandalia kabla hata hajafungua yako. Injini mtumba ipimwe kompresheni kabla ya kupandishwa, ukiwepo. Na kumbuka nayo ni 2AZ, ina ugonjwa ule ule wa bolti, kwa hiyo kabla haijaingia kwenye gari uliza thredi zake. Namba ya injini iko kwenye kadi ya gari yako, ukibadili lazima TRA wabadilishe kadi, hivyo hakikisha unapewa risiti na karatasi za injini ilikotoka, vinginevyo siku ya kuuza gari utajikuta polisi unaeleza hadithi. Na injini yako ya zamani ni mali yako. Usiiache gereji kama zawadi, ina oltaneta, ina stata, ina kompresa, hivyo vitu peke yake vinapunguza gharama.

Kuhusu kuvuta mpaka Dar. Ni zaidi ya kilomita 600, na mzigo wa kutoka huku kwenda Dar ni viazi, mbao na mahindi, Fuso zinaondoka zimejaa, nafasi ya gari yako ni ghali. Kinyume chake zinazorudi kutoka Dar kuja Mbeya nyingi zinarudi na nafasi. Kama Makambako itashindikana kabisa basi panda juu ya Fuso uje Mbeya. Wanatafuta tuta la udongo usawa wa bodi, wanaisukuma gari inaingia, wanaifunga tairi kwa kamba na magogo. Inaonekana kama mchezo ila inafanya kazi. Usivutwe kwa kamba tairi za mbele zikiwa chini, gari yako ni automatiki, utaiua na giabokisi halafu uniandikie tena.

Bima kubwa kama unayo usiitegemee hapa, hizi bima za kawaida hazilipi gari kuharibika yenyewe, zinalipa ajali, moto, wizi. Soma tu kama yako ina kipengele cha kuvutwa, zipo zinazoweka.

Na kuuza kwa dalali aliyekuja mara mbili, kaka, jiulize anakuja mara ya pili kwa nini. Kwa sababu anajua siku ya tano utakuwa umechoka.

Najua utataka kuwahi Tukuyu hata kwa matanga, nenda, huna haja ya kulinda gari usiku na mchana. Lakini kabla ya kuondoka chukua simu uzunguke gari na video moja ndefu ukiwa na fundi anaonekana, betri, redio, tairi ya akiba, jeki, namba ya injini, kontroli boksi (kompyuta ya gari), na upige chini kabisa kuonyesha masega, kile kichujio cha moshi kwenye egzosi. Mwaka 2016 mimi mwenyewe niliacha Noah ya mteja kwenye yadi ya gereji moja njiani huku, siitaji, nimerudi siku ya nne gari inanguruma kama trekta, masega yameshatolewa limebaki bomba tupu, na sikuwa na picha hata moja. Nililipa mimi. Na mimi ni fundi! Tangu hapo nina video za magari ya watu kwenye simu kuliko picha za wanangu. Kama huna imani na gereji, omba lisukumwe likae kwa mwenyekiti wa mtaa au kituo cha polisi, na betri beba.

Gari ikishawaka usiondoke nayo siku hiyo. Cha kwanza kilichochemsha bado hakijatajwa, gasketi ni majeruhi tu. Rejeta ikasafishwe, mfuniko mpya, thamostati mpya, feni ionekane inawaka na kuzima yenyewe mara mbili gari ikiwa imesimama, na weka kulanti nusu kwa nusu na maji safi, siyo maji ya mtoni wala zile dawa za kumimina za kuziba rejeta. Kisha itembeze kilomita 20 ukiwa na fundi pembeni, simama, ipoe, fungua uone maji yamepungua kiasi gani. Ukija huku, Igawa mpaka Chimala ni tambarare itakudanganya, mtihani ni mlima wa kuja Uyole na baada ya hapo kupandisha Isyonje kwenda Tukuyu. AC zima, gia ya chini, jicho kwenye mshale.

Jibu la nilipe au nisilipe litatoka kwenye zile namba nne za kompresheni. Ukizipata nitumie, na unitumie na picha ya bolti za nyuma zilivyotoka. Halafu wape pole wote huko Tukuyu, waambie ndaga, kwa Kinyakyusa chao.